Wimbi ambalo halikufika: kisa cha nahodha na miwani, Kigamboni

Dakika ya sita mzee alivua miwani, akaiweka mapajani taratibu kama mtu aliyeshika yai, akainama na kutapika kwenye ndoo yetu ya kupigia deki. Kisha akajifuta mdomo kwa ncha ya kikoi na kutuomba radhi. Sisi tuliosimama pale hatukujua tuseme nini. Mtu huyu alianza ubaharia akiwa mtoto wa miaka 11, ameongoza mashua yake mwenyewe kwa zaidi ya miaka 30, na anasema hajawahi kulevywa na bahari hata siku moja. Tulichomwonyesha ni bahari ileile anayoijua, njia ileile, kwenye chombo cha aina ileile. Na alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki juu ya sakafu ya saruji, ndani ya fremu ya duka, mwendo wa dakika tatu kutoka pantoni inapotia nanga upande wa Kigamboni.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu naamini ndani yake kuna mengi anayopaswa kuyajua mtu yeyote anayetaka kutengeneza sanaa ya namna hii, ya kumwingiza mtu ndani ya picha na sauti, katika jiji letu la Dar es Salaam, na kwa sababu sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu.

Tulikuwa wanne: mpiga picha, fundi wa kompyuta, fundi umeme, na mimi niliyeshika sauti. Tulikuwa na miwani mbili za uhalisia pepe za kuazima, zile zinazomzungushia mtu picha pande zote hata asione tena chumba alichomo, na kamera ya nyuzi 360, nayo ya kuazima. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika 9. Tuliirekodi mwezi Julai, kusi ikiwa imeshika. Mashua inatoka karibu na soko la samaki la Feri, inapita kwenye lango la bandari huku pantoni ikikatiza, Kigamboni ikiwa kulia na Ikulu kushoto, kisha inatoka nje na kukutana na mawimbi ya bahari kuu. Dakika tano za kwanza maji yametulia kama yaliyomo kwenye sinia. Nne za mwisho chombo kinapanda na kushuka.

Nia ilikuwa rahisi kuieleza. Anayeishi Kigamboni na kufanya kazi mjini huvuka mkondo ule mara mbili kwa siku. Daraja la Nyerere kule Kurasini lilifunguliwa Aprili 2016, urefu wake mita 680, na wengi wenye magari wamehamia huko, lakini mtembea kwa miguu bado anatoa shilingi 200 yake na kujipenyeza ndani ya pantoni. Humo ndani tazama macho ya watu: simu, mzigo, mlango, tena simu. Mimi nimevuka hivyo kwa miaka. Siku moja nilishuka upande wa pili nikagundua kwamba siwezi kusema kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Nilikuwa nimesimama juu yake dakika ileile. Jambo hilo liliniuma, na wenzangu nilipowasimulia kila mmoja aliona ni lake. Tukataka kumrudishia mvukaji bahari yake.

Nusu saa ya kwanza baada ya mzee kuugua tulitafuta sababu mwilini mwake. Joto la Novemba. Umri. Presha. Pengine hajala. Mwenzetu mmoja alimletea chai ya tangawizi, nami nikakaa chini karibu yake na kumwamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza tumeonana, maana sikuwa na neno jingine.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Usihuzunike. Picha zenu nzuri."

Nikamuuliza kilichompata. Alinyamaza, akanywa chai, kisha akasema:

"Tulipotoka langoni nililiona wimbi linakuja. Nikajiweka. Halikufika. La pili nikajiweka, halikufika. La tatu nikasema sasa sijiweki, mwili ukajiweka wenyewe. Basi, tumbo likakataa."

Akagusa sikio lake la kulia. "Na huo upepo wenu. Tanga limejaa kutoka kulia, sawa, kusi hiyo. Nikageuza uso niutazame unakotoka, ukageuka pamoja nami. Upepo gani unamfuata mtu kichwa? Halafu huo si upepo wa tanga. Huo wa mivinje."

Wenzangu walicheka kidogo kwa hilo la mwisho. Mimi sikucheka. Nilijua ni kweli.

Wimbi lisilofika

Nianze na wimbi, kwa kuwa ndilo lililomwangusha.

Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda kama nusu duara, yenye majimaji, inayohisi kichwa kinapozunguka. Jirani yake kuna vifuko viwili vyenye chembe za chokaa vinavyohisi kupanda, kushuka na kusukumwa mbele. Mchana kutwa ubongo unalinganisha habari za huko na habari za macho na za nyayo. Zikikubaliana hatuna habari nazo. Zikigombana, tunaugua. Hayo ndiyo maelezo tuliyoingia nayo kwenye kazi, na tulidhani yanatosha: macho yanaona mwendo, sikio linasema umekaa, mwenye tumbo jepesi atasumbuka.

Lakini siku ileile binti wa kidato cha nne, ambaye hajapanda chombo chochote cha maji zaidi ya pantoni, alimaliza dakika zote 9 na kuomba arudie. Macho yake yaliona mwendo uleule. Sikio lake lilikaa kimya vilevile. Kama ugomvi ni wa macho na sikio peke yake, kwa nini yeye awe mzima na nahodha awe mgonjwa?

Jibu nililipata kwa watu waliochunguza maradhi ya safari zamani kabla ya miwani hizi. James Reason na mwenzake Brand waliandika mwaka 1975 kwamba kinachotuumiza ni mgongano kati ya kile mwili unachohisi sasa na kile ambacho, kwa mazoea yake, ulikuwa umekwisha kukitarajia. Mwili una kumbukumbu ya mwendo, na unatangulia. Miaka ya 1950, Jeshi la Majini la Marekani lilipoanza kutumia mashine ya kufundishia urubani wa helikopta bila kuruka, walimu wenye saa nyingi angani ndio waliougua zaidi kuliko wanafunzi wao. Mwanafunzi hakujua helikopta inapaswa kumtikisa vipi. Mwalimu alijua, na mashine ikamnyima.

Sasa rudi kwenye neno la mzee: nikajiweka. Binti aliona wimbi akaona picha ya wimbi. Nahodha aliona wimbi, na kabla hajafikiri, nyonga zake, magoti yake na misuli ya mgongo ilikwisha kujipanga kulipokea, kama inavyojipanga kila siku ya kazi. Miaka 30 ya kusimama kwenye tezi, nyuma ya chombo, imemfundisha kwamba omo, yaani mbele ya chombo, ikinyanyuka namna ile, sekunde moja baadaye uzito utakuja miguuni. Sisi tulimpa omo inayonyanyuka, uzito hatukuuleta. Ni sawa na mtu anayeshuka ngazi gizani akidhani imebaki ngazi moja, kumbe zimekwisha. Kila mmoja anaujua mshtuko ule wa mguu. Nahodha alipata mshtuko huo mara baada ya mara kwa dakika nzima.

Na usidhani macho ni dhaifu kwa sikio. Mwaka 1974 David Lee na Eric Aronson, huko Edinburgh, waliwasimamisha watoto wa mwaka mmoja na kidogo, ndio kwanza wanajifunza kusimama, ndani ya chumba ambacho sakafu yake imetulia lakini kuta zake zinasogezwa. Kuta zilipokwenda, watoto waliyumba, wengine wakaanguka. Hakuna aliyewagusa. Macho peke yake yaliwaangusha.

Hata dhiki yenyewe ina umri mkubwa kuliko umeme. Mchoraji Robert Barker alipata hataza ya picha ya kuzunguka pande zote mwaka 1787, na mwaka 1793 alifungua jengo la duara huko Leicester Square, London, akaonyesha merikebu za kivita za Uingereza zikiwa baharini, zimemzunguka mtazamaji. Inasimuliwa kwamba Malkia Charlotte alipoiona alisema imemlevya. Rangi na kitambaa tu.

Tangu siku ile nimebadilisha jinsi ninavyopima kazi ya namna hii. Tulikuwa tunahesabu waliotoka wazima kuwa ndio waliofurahi, na waliougua kuwa ndio kasoro. Nadhani tulikuwa tunasoma kinyume. Binti alipewa sinema pana. Nahodha ndiye aliyeingia ndani ya kazi yetu kwa mwili wote, akaamini, akajitayarisha, na sisi tukamwangusha. Hakuna mtazamaji aliyetupa heshima kubwa kuliko yeye.

Siku hiyo tulikosea jambo jingine ambalo lingeweza kuwa baya zaidi. Kijana wa bodaboda alitazama, akashukuru, akawasha pikipiki papo hapo. Alirudi jioni kutuambia kwamba alipofika barabara kubwa alihisi lami inapanda na kushuka, akalazimika kusimama kando kwa muda. Majeshi kadhaa ya anga huwazuia marubani kuruka kwa saa kadhaa wanapotoka kwenye mashine za mafunzo, kwa sababu hiyohiyo. Sisi hatukumwambia chochote. Kuanzia kesho yake kila aliyemaliza alikaa benchini robo saa, anakunywa maji, anazungumza nasi, na aliyekuja kwa chombo cha moto tulimwambia wazi kabla hajavaa miwani. Tuliuliza pia kuhusu kifafa. Mambo haya yalipaswa kuwepo tangu mwanzo, na ninayaandika ili mwingine asisubiri mtu aje amwambie.

Upepo wa mivinje

Hapa ndipo penye kosa langu.

Kwenye mashua nilirekodi kwa maikrofoni yenye vichwa vinne, kwa mbinu ya ambisoniki iliyobuniwa Uingereza miaka ya 1970. Uzuri wake ni kwamba inahifadhi kila sauti pamoja na upande ilikotoka. Msikilizaji akigeuza kichwa, sauti inabaki mahali pake, kama ilivyo duniani: kengele iliyo kulia kwako, ukiielekea, inakuwa mbele yako. Lakini miwani zetu zilikuwa za zamani kidogo na zilikwama zikibeba sauti hiyo pamoja na picha. Usiku wa kuamkia siku ya kufungua, nilichoka, nikaibana sauti yote iwe ya njia mbili tu, kushoto na kulia. Picha ikatiririka vizuri. Tukashangilia, tukalala.

Nilichokuwa nimefanya ni kuigandisha bahari kwenye masikio ya mtu. Popote ageukapo, upepo wa kulia unabaki kulia. Kwa wageni wa kwanza hakuna aliyelalamika, kwa sababu watu wengi wakivaa miwani hizi hutazama mbele kama wako mbele ya runinga. Nahodha hakutazama mbele. Alifanya anachofanya baharini: akautafuta upepo kwa shavu na sikio, kisha akageuza uso kuuelekea.

La pili ni zito zaidi kwangu. Maikrofoni ya baharini huvishwa manyoya ili upepo usiivuruge. Hata hivyo upepo ulipenya, na sehemu ya nje ya lango ilijaa ngurumo. Niliifuta. Mahali pake nikaweka upepo niliourekodi siku nyingine ufukwe wa Coco, nikiwa nimekaa chini ya mivinje. Ulikuwa mtamu sana kuusikiliza, laini, unapumua. Nilijivunia. Mzee aliusikia mara moja, akautaja kwa jina la mti.

Upepo kwenye tanga una mwili wa kitambaa. Unapiga, unatulia, unapiga. Kamba zinavuma kila moja kwa unene wake, foromali, boriti inayobeba tanga, inalia ikisuguana na mlingoti. Upepo kwenye mvinje unachujwa na vitawi vyembamba kama sindano, maelfu kwa maelfu, na unatoka kama mtu anayesema "shhh" bila kukata pumzi. Mimi, ambaye masikio ndiyo riziki yangu, niliujua utofauti huo na nikauona hauna maana. Kwangu upepo ulikuwa pambo la picha. Kwa nahodha upepo ni habari, na habari yenyewe ni ile inayomwambia alegeze kamba ya tanga sasa hivi au chombo kipinduke.

Tangu hapo najiuliza swali hilo kila ninapotega maikrofoni: sauti hii ni habari kwa nani? Chukua Kariakoo. Mgeni anasikia kelele. Mkazi anasikia "pisha, pisha" nyuma kushoto na bega lake limekwisha kusogea kabla hajageuka. Anasikia konda anapiga bodi ya daladala mara mbili na anajua gari linaondoka, asikimbie. Ukimtengenezea mtu huyo Kariakoo ya kidijitali, ukauleta mkokoteni kulia wakati sauti yake iko kushoto, macho yake yatakusamehe, bega lake halitakusamehe. Vifaa hivi vinatengenezwa mbali, na vinajaribiwa kwa miili yenye mazoea mengine. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni sisi kuchukua kipimo cha huko na kukiamini kuliko bega la mtu wa hapa.

Ubao

Tulifunga siku mbili. Mpiga picha alitaka tuondoe dakika nne za mwisho, tubaki na maji shwari ya ndani ya bandari. Ingekuwa njia rahisi, na wageni wote wangetoka wazima. Mimi nilikataa, na nashukuru wenzangu wawili waliniunga mkono, kwa sababu ndani ya bandari ndiko tayari kila mtu anakovuka akiwa amelala macho wazi.

Tukaacha miwani. Tulitundika tanga kuukuu kwa kulipinda nusu duara, tukalirushia picha kwa projekta mbili. Mtazamaji sasa anaona miguu yake na anamwona jirani yake, na hilo peke yake linatuliza, maana mwili unapata kitu kisichoyumba cha kujishikiza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waligundua kwamba hata kumchorea mtu pua pepe katikati ya picha, pale ambapo pua yake ingeonekana, kunampunguzia kichefuchefu. Sisi tuliwaachia watu pua zao wenyewe. Spika nne kwenye pembe za chumba zilirudisha ile sauti ya vichwa vinne, na upepo sasa ukakaa kulia hata ukigeuka mara kumi. Ngurumo niliyoifuta niliirudisha, nikaisafisha kidogo tu. Fundi umeme akaongeza feni upande wa kulia.

Ikabaki wimbi. Nahodha mwenyewe, aliyekuwa akipita kila jioni kuona tumefikia wapi, alileta ubao mrefu wa kukalia kutoka mashua yake iliyokuwa juu ya magogo ikisubiri kalafati, kuzibwa nyufa. Tukaulaza juu ya tyubu mbili za matairi ya lori. Fundi umeme akafunga mota ya waipa ya gari iutikise, akahesabu mawimbi kwenye picha, akaipanga mota inyanyue takriban kila baada ya sekunde 5. Tulipojaribu tuliugua sisi wenyewe, wote wanne. Tungejua mapema kama tungesoma: uchunguzi wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba kupanda na kushuka kunakowatapisha watu zaidi ni kwa mwendo huohuo, mara moja hivi kila sekunde 5. Isitoshe, mawimbi ya kweli hayaji kwa saa. Mota ilikuwa inanyanyua pale picha inaposhuka, na hakuna kitu kibaya kama hicho.

Mzee alitutazama tukishikilia vichwa. Akasema, "Ondoeni hicho kidude." Akaketi nyuma, mwisho wa ubao, mguu wa kulia sakafuni. Picha ikaanza. Ndani ya bandari hakufanya kitu. Tulipotoka langoni nikaona kisigino chake kinajibana, na ubao ukainuka, kidogo mno, sentimita mbili au tatu, sawa na omo kwenye tanga. Ukashuka. Lililofuata lilikuwa dogo, akaliacha lipite kwa kulegeza goti tu. La tatu lilikuja kubwa na ubavuni, akaukandamiza ubao kwa upande.

Nilikuwa nimekaa katikati. Tumbo langu lilikuwa kimya. Nywele za mikono zilisimama.

Sentimita tatu si bahari, na mtu anaweza kuuliza zimetoshaje. Mashine za kufundishia marubani wa ndege hufanya vilevile: huupa mwili mwanzo tu wa mwendo, kisha hurudi mahali pake polepole mno rubani asihisi. Mwili hauombi kupewa kimo chote cha wimbi. Unaomba kutoachwa pale ulipojiweka. Kwa dakika zile nne mzee alikuwa anafanya kilekile kilichomtapisha siku ya kwanza, anajiweka, isipokuwa sasa kujiweka kwake ndiko kulikokuwa wimbi la watu sita waliokaa mbele yake.

Kuna kazi moja ninayoiheshimu kuliko zote katika sanaa hii, Osmose ya Char Davies wa Kanada, ya mwaka 1995. Ndani yake mtu hashiki kidude chochote mkononi; anavaa fulana inayopima kifua, akivuta pumzi anapaa, akiitoa anazama, na akiinamisha mwili anaelekea huko. Davies ni mpiga mbizi, na aliujua mwili wake ndani ya maji kabla ya kuijua kompyuta. Naona ujuzi wa kwanza ndio ulioifanya kazi yake. Sisi hatukuwa na ujuzi huo. Aliyekuwa nao alikuwa nje ya mlango na tulimwita kama mgeni.

Nje ya mlango

Kwa siku zilizobaki nahodha alikaa kwenye ubao kila jioni baada ya swala ya alasiri. Wachache walihisi kizunguzungu. Hakuna aliyetapika.

Kijana mmoja wa ofisini, aliyeingia na tai shingoni, alitoka na kuuliza kwa ukali: bahari si hii hapa nje, bure? Kwa nini nikae gizani nitazame kitambaa? Nimelibeba swali lake kwa muda mrefu na siwezi kusema halina haki. Huko Tokyo, nyumba ya maonyesho ya sanaa ya kidijitali, teamLab Borderless, ilipofunguliwa Odaiba mwaka 2018 iliingiza watu wapatao milioni 2.3 kwa mwaka wake wa kwanza. Nyumba ya namna ile humchukua mtu na kumpeleka mbali na jiji lake, kwenye maua na maji ya mwanga yasiyo na mwenzake nje. Anayetoka hana cha kulinganisha. Sisi hatukuwa na nafasi hiyo. Kila aliyetoka kwetu aliikuta bahari yenyewe ndani ya dakika tatu, akapanda juu yake, na mwili wake ukatoa hukumu kabla pantoni haijafika Magogoni, upande wa mjini. Ndiyo maana nilianza kuvuka nao.

Niliyoyaona kwenye pantoni nayaeleza kama nilivyoyaona, bila kuyakuza. Wengi walitoa simu kama kawaida. Lakini mama mmoja anayepeleka vitumbua mjini kila alfajiri, aliyekuja kwetu jana yake, aliniita kwa mkono. Alikuwa ameweka ndoo chini, kiganja kimeshika ukingo. "Hebu sikia miguuni," akaniambia. Nikavua kandambili. Chuma kilikuwa kinatetemeka kwa injini, na chini ya mtetemo huo kulikuwa na mwendo mwingine, mrefu, wa polepole, unaotoka langoni. "Miaka yote hii nilidhani ni injini tu," akasema. Tulisimama hivyo hadi mlango ukashushwa, maji yakiwa yamejaa, karibu yafikie jiwe la juu.

Yule kijana wa tai nilimwona pia, siku mbili baadaye, saa ya kurudi. Hakunisalimia. Alikuwa upande wa kulia wa chombo, uso ameuelekeza kwenye upepo, na nilimwona akigeuza kichwa kushoto, akakirudisha, akakigeuza tena, kama mtu anayehakikisha kitu.

Jumapili tulifunga. Tulishusha tanga, tukarudisha vifaa kwa wenyewe. Jumatatu asubuhi mzee alikuja na mkokoteni kuuchukua ubao wake, akaukagua pembe zote kama tumeupasua, akauona mzima. Fundi wa kalafati alikuwa anamsubiri na kaskazi ilikuwa inaanza kuvuma.